libev: ev_cleanup haiitwi seva ikizimwa. Kazi ya usafi iwekwe wapi?

bint_pangani

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaoifahamu libev, maktaba ya kitanzi cha matukio (event loop), kwa lugha ya C.

Nimekabidhiwa seva inayopokea data kutoka kwa vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye matatu. Magari ni ya sacco (vyama vya ushirika vya wenye matatu) kadhaa za hapa Nairobi: Rongai, Kikuyu, Thika Road. Gari likiwashwa asubuhi, kifaa hufungua muunganisho mmoja wa TCP na kuushikilia mchana kutwa, kikituma mahali gari lilipo na kasi yake. Seva ni mchakato mmoja kwenye Linux, na ndani yake kuna kitanzi kimoja cha matukio cha libev. Rekodi zinaingia kwenye bafa, kisha bafa inamwagwa kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Programu ya ripoti huzungumza na seva kupitia soketi ya Unix, /run/gari/gari.sock.

Shida ni kwamba kila tukiiwasha seva upya ili kuweka toleo jipya, rekodi za sekunde za mwisho zinapotea. Pia faili la soketi linabaki pale pale, kwa hiyo seva ikirudi inagoma na EADDRINUSE (anwani tayari inatumika) mpaka mtu aingie alifute kwa mkono.

Aliyeiandika aliweka mwangalizi wa ev_cleanup. Kolbaki yake (fanksheni inayoitwa tukio likitokea), safisha, inafanya mambo matatu: inamwaga bafa, inafuta faili la soketi, na inatuma ujumbe wa kwaheri kwa kila gari. Ukiisoma huoni kasoro, lakini haiitwi kamwe. Nimeweka fprintf kwenye mstari wake wa kwanza na sioni chochote kwenye logi.

```c
int main (void)
{
  struct ev_loop *kitanzi = EV_DEFAULT;
  int soketi = fungua_soketi ();
  ev_io mlango;
  ev_cleanup usafi;

  ev_io_init (&mlango, pokea_gari, soketi, EV_READ);
  ev_io_start (kitanzi, &mlango);

  ev_cleanup_init (&usafi, safisha);
  ev_cleanup_start (kitanzi, &usafi);

  ev_run (kitanzi, 0);
  return 0;
}
```

Rekodi hizi si za mapambo. Matatu zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa tangu kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zianze kutekelezwa mwaka 2004, na dereva akidaiwa kuvuka kikomo, sacco inakuja kwetu kuuliza rekodi zinasema nini. Tukiwa na pengo la sekunde kadhaa hapo hapo, hatuna la kumjibu mtu.

nduthi_dev

Dada, weka atexit, inayosajili fanksheni ya kuitwa programu ikitoka. Mwenye libev mwenyewe ameonyesha mfano huo kwenye nyaraka zake, sehemu ya ev_cleanup:

```c
static void programu_inatoka (void)
{
  ev_loop_destroy (EV_DEFAULT_UC);
}
```

Halafu mwanzoni mwa main: atexit (programu_inatoka);

bint_pangani

Asante kaka. Nimeweka. Nikifanya systemctl restart bado kimya. Nikiiendesha kwenye terminali na kubonyeza Ctrl+C, kimya vilevile.

mzee_kerneli

Bint, nduthi hajakosea, ila hiyo ni nusu ya jibu.

ev_cleanup ni mwangalizi wa tukio moja tu: kuvunjwa kwa kitanzi. Mtu akiita ev_loop_destroy, libev inawaita waangalizi wa usafi kabla ya kuachia kumbukumbu na deskripta zake. Asipoiita mtu, hawaitwi. Mwangalizi huyu hajui habari za SIGTERM, hajui kwamba main imerudi, hajui kwamba mchakato unakufa. Nyaraka zinasema wazi kuwa hakuna uhakika kwamba kitanzi kitavunjwa, na ni juu yako kuhakikisha.

Sasa fuata njia ambayo seva yako inapita ikizimwa. systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) inatuma SIGTERM, ishara ya kuutaka mchakato uzime. Hujaweka chochote cha kuishika, kwa hiyo kerneli inatumia hukumu yake ya kawaida: mchakato unauawa papo hapo. exit haikupitiwa, na atexit huendeshwa na exit peke yake. Ctrl+C ni SIGINT, nayo ni hadithi ile ile. Na hata bila ishara, ev_run yako hairudi, kwa sababu mlango ni mwangalizi hai na kitanzi huendelea kuzunguka maadamu kuna walio hai. Mwangalizi wa usafi hahesabiwi kati ya hao. Ni yeye pekee ambaye libev yenyewe humtoa kwenye hesabu anapoanzishwa, na lazima iwe hivyo: angehesabiwa, kitanzi kisingeisha kamwe kwa kumngoja anayengoja kiishe.

Kwa hiyo unahitaji ev_signal kwa SIGTERM na mwingine kwa SIGINT, na kolbaki itakayoita ev_break (k, EVBREAK_ALL). ev_run itarudi, utashuka hadi mwisho wa main.

Lakini kabla hujafanya hivyo, angalia `ev_cleanup usafi` umeitangaza wapi. Iko ndani ya main, kwenye staki. Ukitegemea atexit, main inarudi kwanza, vigeu vyake vya ndani vinakufa, ndipo kazi za atexit zinaendeshwa. libev itakuwa imeshika pointa ya kitu ambacho hakipo tena. Siku nyingine itafanya kazi kwa bahati, kwa sababu hakuna aliyeandika juu ya kipande hicho cha staki, na ukibadilisha kikusanyaji tu itaanguka mahali usipopatarajia. Itangaze static, au itoe nje ya main kabisa. Kanuni ya libev kwa waangalizi wote ni moja: kumbukumbu ni yako, libev hainakili, na maadamu mwangalizi yu hai usiiachie wala usiiguse.

Mimi ningeacha atexit kabisa. Andika `ev_loop_destroy (kitanzi);` kwa mkono wako baada ya ev_run, ndani ya main. Kila msomaji ataona ni lini usafi unafanyika.

bint_pangani

Mzee, Mungu akubariki. Nimeweka static, nimeweka ev_signal mbili, nimeita ev_loop_destroy mwenyewe. safisha inaitwa sasa! Bafa inamwagwa, faili la soketi linafutwa.

Limebaki jambo moja. Ujumbe wa kwaheri unawafikia wengine na wengine hapana. Nikijaribu na magari machache ya maabara unafika kwa wote. Kwenye seva halisi, jioni watu wakitoka kazini na magari yote yako barabarani, write inarudisha EAGAIN kwa baadhi yao.

kijana_wa_node

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini msiweke tu kigeu cha jumla, `zima = 1`, ndani ya mshika-ishara wa kawaida wa sigaction, kisha mkikague kwenye ev_prepare kila mzunguko? Waangalizi wengi hivi wa nini?

mzee_kerneli

Kijana, kuna ufa hapo. ev_prepare huitwa kabla kitanzi hakijalala kungoja matukio. Tuseme ishara imefika baada ya ev_prepare kukagua kigeu, lakini kabla ya epoll_wait (mwito wa kerneli wa kungoja matukio) kuanza kulala. Kigeu kimewekwa, hakuna aliyekiona, na kitanzi kinalala mpaka tukio jingine likiamshe. Mchana hutaona tofauti. Saa tisa usiku magari yote yamelala na seva inachelewa kuzimika. ev_signal iliandikwa kuziba ufa huu huu: mshika-ishara wa ndani anaamsha kitanzi kupitia deskripta ambayo kitanzi kinaiangalia, yaani eventfd au bomba, hivyo ishara inakuwa tukio kama matukio mengine na haipotei. Na kolbaki yako inaendeshwa ndani ya kitanzi, mahali salama pa kuita malloc, fprintf na fanksheni za libev. Ndani ya mshika-ishara wa kawaida vitu hivyo ni haramu.

Bint, nakuja kwako.

EAGAIN maana yake bafa ya kutuma ndani ya kerneli kwa soketi ile imejaa, jaribu baadaye. Wakati kitanzi kinazunguka hilo si tatizo: unaweka ev_io ya EV_WRITE, ukiambiwa kuna nafasi unaendelea. Lakini ndani ya kolbaki ya usafi hakuna baadaye. Baada ya wewe kurudi kitanzi kinabomolewa. Ukianzisha mwangalizi humo, hakuna atakayemwita.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuielewa kulabu ya usafi, yaani hii kolbaki ya ev_cleanup. Wanaiona kama mahali pa kuzimia seva. Si mahali pake. Seva inazimwa wakati kitanzi kingali hai, kwa waangalizi wale wale wa kila siku. Kulabu ya usafi inabaki na kazi zinazoweza kuisha kwa mwito mmoja bila kungoja mtu: kuandika kwenye faili la diski, fsync (kulazimisha data ifike diski), unlink (kufuta faili), kuachia kumbukumbu. Ukijiona unahitaji kungoja mtandao, thredi nyingine au mtu wa upande wa pili, kazi hiyo imewekwa pabaya.

Kwa hiyo SIGTERM isiite ev_break. Ifunge mlango, iwaache waliomo ndani wamalize, na iweke ukomo wa muda:

```c
static void
simamisha (struct ev_loop *k, ev_signal *w, int matukio)
{
  if (ev_is_active (&ukomo))
    return;

  ev_io_stop (k, &mlango);
  ev_io_stop (k, &mlango_wa_ripoti);
  ev_timer_stop (k, &mwaga_bafa);
  waage_magari (k);

  ev_timer_start (k, &ukomo);
  ev_unref (k);
}

static void
ukomo_umefika (struct ev_loop *k, ev_timer *w, int matukio)
{
  ev_ref (k);
  ev_break (k, EVBREAK_ALL);
}
```

waage_magari inapita kwenye orodha: kwa kila gari inasimamisha mwangalizi wa kusoma, inajaribu kutuma kwaheri, ikimaliza inafunga soketi. Aliyepata EAGAIN anabaki na mwangalizi wake wa EV_WRITE mpaka amalize. Wa mwisho akisimama, hesabu ya walio hai inafika sifuri, na ev_run inarudi yenyewe bila kuambiwa. Napenda sana mtindo huu. Huhitaji kigeu cha "tumemaliza?", kwa sababu libev tayari inaweka hesabu hiyo.

Ila hesabu lazima iwe safi, na ndiyo maana ya ev_unref, inayopunguza moja kwenye hesabu. Ukomo ni taima hai. Bila ev_unref, kitanzi kingesubiri sekunde zote za ukomo hata kama magari yote yameshaagwa. Waangalizi wa ishara nao ni hai: baada ya kila ev_signal_start mwanzoni mwa programu weka ev_unref, la sivyo ev_run hairudi mpaka ukomo ufike. Taima ya kumwaga bafa inajirudia milele, ndiyo maana nimeisimamisha. Kumwaga kwa mwisho kutafanywa na safisha.

Kuhusu ev_ref ndani ya ukomo_umefika: taima isiyojirudia husimamishwa na libev yenyewe inapolia, na kusimamishwa kunapunguza hesabu. Wewe ulikwisha kuipunguza kwa ev_unref. Usipoirudisha, hesabu inakuwa pungufu kwa moja. Hapa tunatoka kwa ev_break kwa hiyo isingeonekana, lakini siku utakaponakili msimbo huu kwenda mahali ambapo kitanzi kinaendelea, utapata kitanzi kinachojizima na magari yangali yameunganishwa.

Na ule mstari wa kwanza wa simamisha ni kwa ajili ya anayebonyeza Ctrl+C mara mbili. ev_timer_start kwa taima iliyo hai haifanyi kitu, lakini ev_unref ya pili ingepunguza.

nduthi_dev

Hii ya ev_unref kwa ev_signal sikuijua. Nimeandika libev tangu kazi yangu ya kwanza na siku zote naita ev_break. Natoka nayo.

jirani_umoja

Naongeza tahadhari kuhusu atexit, kwa sababu nimeona ikiumiza watu.

Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na seva ya namna hii: libev, soketi ya Unix, kulabu ya usafi inayofuta faili la soketi, na atexit kama alivyoweka nduthi. Usiku seva ilifanya fork (kujinakili kuwa mchakato mtoto), na mtoto aliita execvp kuendesha programu ya kukandamiza logi. Ilifanya kazi vizuri sana, mpaka siku mashine mpya ilipokuja bila programu ile ya kukandamiza.

execvp ikashindwa. Mstari uliofuata ulikuwa exit (1). Mtoto amerithi kila kitu cha mzazi, pamoja na orodha ya atexit na kitanzi kilivyokuwa kwenye kumbukumbu. exit ikaendesha atexit, atexit ikavunja kitanzi cha mtoto, mwangalizi wa usafi akaitwa ndani ya mtoto, akafuta faili la soketi. La mzazi! Mzazi yu hai, mzima wa afya, anasikiliza kwenye soketi ambayo haina tena jina kwenye diski. Waliokuwa wameunganishwa tayari waliendelea. Kila aliyekuja upya aliambiwa ENOENT, yaani faili halipo. Na kwenye logi ya mzazi hakuna hata mstari mmoja wa kosa, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea.

Ndani ya mtoto, exec ikishindwa ni `_exit (127)`, yenye mstari chini mwanzoni. Hiyo haipiti kwenye atexit wala haimwagi bafa za stdio ulizorithi, ambazo nazo zingeandikwa mara mbili.

mzee_kerneli

Jirani ameleta la maana kuliko yote yaliyotangulia. Bint, hata kama umeacha atexit, hifadhi getpid ya mzazi mwanzoni na ndani ya safisha ulinganishe kabla ya unlink. Ni mstari mmoja.

Kama mtoto hafanyi exec bali anataka kuendelea kukitumia kitanzi chenyewe, hiyo ni habari nyingine: aite ev_loop_fork ndani ya mtoto kwanza, ili libev ijenge upya hali yake ya kerneli. Kwa epoll hili si hiari, maana deskripta ya epoll inashirikiwa na mzazi, na mtoto akiondoa kitu humo amemwondolea mzazi. Kuna bendera ya EVFLAG_FORKCHECK inayokagua pid kila mzunguko ukiogopa kusahau, na kuna waangalizi wa ev_fork wanaoitwa ndani ya mtoto baada ya fork kugunduliwa.

kijana_wa_node

Mzee, na sisi wa Node.js? Nina moduli ya C++ inayosoma kifaa cha serial na ina thredi yake. Inaanguka process ikifungwa, lakini si mara zote.

mzee_kerneli

Node ilianza juu ya libev mwaka 2009, halafu libuv, maktaba yake yenyewe ya matukio, ikaandikwa ili Windows nayo ipate nafasi, na baadaye libev ikaondolewa ndani yake. Kwa hiyo fikra ni ndugu, sheria ni kali zaidi.

Kwa libuv, kumsimamisha mwangalizi hakutoshi. Lazima uite uv_close, na kumbukumbu yake usiiachie mpaka kolbaki ya kufunga iitwe, nayo huitwa kwenye mzunguko unaofuata, si hapo hapo. Wengi wanaita uv_close na kufuata na delete kwenye mstari wa chini. Huo ndio mwanguko wa "si mara zote". Ukijaribu kufunga kitanzi kwa uv_loop_close wakati kuna kilicho wazi, kinakukatalia kwa UV_EBUSY. libev haikukatalii: inavunja kitanzi na kukuachia waangalizi wako, ev_is_active inaweza hata kuendelea kusema yu hai.

Kulabu za usafi kwenye moduli za Node unasajili kwa napi_add_env_cleanup_hook, na zinaitwa kinyume cha mpangilio uliozisajili, ya mwisho kwanza. Ni za papo hapo. Ukihitaji kungoja, kama kungoja uv_close imalize, ipo napi_add_async_cleanup_hook. Kwa thredi yako: iambie isimame, ingoje kwa join, kisha ndipo ufunge uv_async iliyokuwa ikiitumia kuamsha kitanzi. Kinyume chake ni thredi kugonga mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Hata kwa libev ni hivyo hivyo: ev_async_send kwa kitanzi kilichovunjwa ni kugusa kumbukumbu iliyoachiwa.

Na upande wa JavaScript, tukio la 'exit' ni la kazi za papo hapo tu. 'beforeExit' ndilo linaloruhusu kuanzisha kazi ya kungoja, lakini haliji mtu akiita process.exit.

bint_pangani

Nimetekeleza yote. Nimejaribu kuzima jioni ya leo saa ya msongamano, magari yote yakiwa barabarani: magari yameagwa, ev_run imerudi yenyewe kabla ya ukomo, safisha imeitwa mara moja. valgrind, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, haina lalamiko.

Swali: libev inaniahidi mpangilio nikiwa na waangalizi wa usafi wawili? Nataka bafa imwagwe kabla ya faili la soketi kufutwa.

mzee_kerneli

Usitegemee mpangilio wa kusajili. Unaweza kutumia ev_set_priority, kuanzia -2 hadi +2, wenye kipaumbele cha juu huitwa kwanza. Lakini kwa mambo mawili yanayofuatana mimi naweka mwangalizi mmoja, kolbaki moja, mistari miwili. Mpangilio unaosomeka kwa macho hauhitaji kuahidiwa na mtu.

jirani_umoja

Na stima ikipotea?

bint_pangani

UPS ipo, lakini ndiyo, swali hilo linaninyima usingizi. Wiki nyingine UPS inaisha kabla jenereta haijawashwa.

mzee_kerneli

Swali la jirani ndilo lililotakiwa kuulizwa kwanza, na sasa limekuja mahali pake.

Stima ikipotea hakuna kulabu itakayoitwa. kill -9 vilevile: SIGKILL haishikiki. Kumbukumbu ikiisha na kerneli ikachagua kuua seva yako, vilevile. Programu ikianguka kwa SIGSEGV, vilevile. Kwa hiyo kitu chochote ambacho usahihi wa data yako unategemea hakiwezi kukaa kwenye kulabu ya usafi. Kulabu ni ya adabu: inaharakisha kuzima na kuacha mahali pasafi. Usalama unatoka kwingine.

Chukua mambo yako matatu moja moja.

Faili la soketi: seva ijisafishie mwanzoni. Ikianza, ijaribu connect kwenye njia ile. Ikipata ECONNREFUSED, hakuna anayesikiliza, ni masalia, ifute na iendelee na bind. Ikikubaliwa, kuna seva nyingine hai, itoke na kosa linaloeleweka. Au muachie systemd: RuntimeDirectory=gari itaunda /run/gari seva ikianza na kuiondoa ikisimama, hata seva ikiwa imeuawa. Hata /run yenyewe iko kwenye kumbukumbu na inafutika mashine ikizimika. Ningekuwa wewe ningetumia RuntimeDirectory na ile ya connect pia.

Kwaheri kwa magari: sidhani unaihitaji. Seva ikifa kerneli inafunga soketi zake, kifaa kinaona muunganisho umekatika na kinaunganisha tena. Kwa stima kinachelewa kugundua, ila kwaheri nayo isingetumwa.

Rekodi: hapa ndipo penye moyo wa jambo. Vifaa vyako vinatumia itifaki gani?

bint_pangani

Vingi ni Teltonika, Codec 8.

mzee_kerneli

Basi umebarikiwa. Kwenye itifaki hiyo kifaa kinatuma kifurushi cha rekodi na kungoja seva ijibu kwa namba ya baiti nne: nimepokea rekodi ngapi. Kifaa kisipopata jibu sahihi, rekodi zinabaki kwenye kumbukumbu yake na kitazituma tena. Niambie: seva yako inajibu lini?

bint_pangani

Nimeangalia sasa hivi. Inajibu mara tu baada ya kusoma kifurushi, kabla bafa haijamwagwa.

mzee_kerneli

Hapo ndipo rekodi zako zilipokuwa zinapotelea, si kwenye ev_cleanup. Seva inakiambia kifaa "nimeziweka" wakati bado ziko kwenye kumbukumbu yake tu. Kifaa kinafuta nakala yake, seva inakufa, hakuna aliye nazo.

Badilisha mpangilio: soma, weka kwenye bafa, kumbuka ni gari lipi linangoja jibu. Taima ya kumwaga ikilia, andika bafa yote, fanya fsync mara moja kwa kundi zima, kisha jibu magari yote yaliyokuwa yakingoja. Kumbuka kwamba write peke yake inaiokoa data mchakato ukifa, kwa sababu iko kwa kerneli, lakini haiokoi stima ikipotea. fsync ndiyo inayoilazimisha kufika diski. Na kwa sababu fsync inaweza kuchelewa, usiifanye ndani ya kitanzi ikiwa diski yako ni ya kusuasua. Ipe thredi moja, ikimaliza ikuamshe kwa ev_async. Angalia tu kuwa ev_async haihesabu: ikituma mara tano haraka haraka unaweza kuitwa mara moja. Kwa hiyo thredi iache kwenye foleni orodha ya makundi yaliyokamilika, nawe ukiamshwa uimalize foleni yote.

Kifaa kitatuma tena rekodi ambazo ulikwisha kuandika lakini hukuwahi kujibu. Hifadhidata ya ripoti iwe na ufunguo wa IMEI na muda wa rekodi, marudio yatatupwa yenyewe.

nduthi_dev

Kwa hiyo SIGTERM sasa inakuwa nyepesi: funga mlango, mwaga, fsync, jibu wanaongoja, toka.

mzee_kerneli

Ndiyo. Na kill -9 inakuwa salama sawasawa, ila tu vifaa vitarudia kidogo.

bint_pangani

Nimefuta kwaheri yote. safisha imebaki na mistari minne. Naandika ile ya kujibu baada ya fsync kesho, nitaijaribu kwa kung'oa waya wa mashine ya maabara, si kwa systemctl.

La mwisho, mzee: ukomo niuweke sekunde ngapi? Tunahamia kwenye kontena mwezi ujao.

mzee_kerneli

Sekunde tano zinatosha, mradi uwe chini ya subira ya anayekuzima. systemd kwa kawaida hungoja sekunde 90 kabla ya SIGKILL, Kubernetes 30, na docker stop 10 tu. Kwenye kontena hakikisha seva yako inaanzishwa moja kwa moja, kwa ile CMD ya Dockerfile yenye mabano mraba, isipitie sh. Ukipitia sh, mara nyingi sh ndiye mchakato namba 1, SIGTERM inaishia kwake na wewe huisikii. Na ukiwa namba 1 mwenyewe bila ev_signal, SIGTERM haikufanyi kitu kabisa, kerneli haitumii hukumu yake ya kawaida kwa mchakato huo. Wewe tayari unayo ev_signal, kwa hiyo jaribu docker stop na uangalie inachukua muda gani. Ikifika sekunde 10 kamili, ishara haikufikii.